Barua Pepe Haitoki? Usikimbilie Kulaumu Bando
Saa nne usiku, mwisho wa kutuma ripoti ya fildi ni saa sita. Thunderbird ikagoma, ikilalamikia cheti cha usalama. Nikalaumu bando. Lakini kwenye brauza akaunti ileile ilifunguka fresh. Basi nywila na intaneti havikuwa na shida.

Kumbe ni antivairasi. Kipengele chake cha kukagua barua hujiweka katikati ya programu na seva, kikatoa cheti chake chenyewe, ambacho Thunderbird haikukitambua. Nilizima kipengele hicho tu, nikafungua programu upya, ripoti ikaenda.

Usizime antivairasi nzima, ndugu yangu: ulinzi wa mafaili ukibaki, kiambatisho kitakaguliwa ukikifungua. Na cheti usichokijua usikikubali kwa haraka.