Mzaha Nao Hupiga Hodi: Mafunzo Sita Niliyopata Nikiwa Mshereheshaji

Nimeshika maiki tangu 1994. Nimesherehesha harusi, sendofu, mahafali, na mara moja, kwa makosa ya kamati, kikao cha kugawana mirathi. Nimevunja watu mbavu na nimevunja urafiki, na kwa miaka mingi sikujua kuipambanua milio ya vitu hivyo viwili.

Siku hizi vijana wa kazi hii hunijia na swali moja: "Mzee, watu wamekuwa wepesi wa kukasirika, kila neno limekuwa tusi. Tutachekesha vipi?" Swali zuri, na wanaouliza ni watu wa kufika mbali. Lakini mimi nilipokosea 1999, kosa lilifagiliwa ukumbini pamoja na mifupa ya kuku. Lako litazunguka kwenye simu za watu mpaka wajukuu zako walikute. Kwa hiyo nakupa makosa yangu, uyatumie bure.

1. Utani una njia ya kurudia

Nilikuwa na miaka tisa babu yangu alipofariki, kijijini kwetu Songea. Sisi ni Wangoni, na Wahehe ni watani wetu. Babu zetu walipigana vita miaka ya 1870 na 1880, wakaishia kurithishana vicheko. Jeneza lilipofika makaburini, mzee mmoja wa Kihehe akaruka ndani ya shimo, akalala chali, akajifunika kofia usoni. "Mimi nimewahi," akasema kutoka chini. "Huyo mwenzangu atafute pengine." Kisha akakohoa kikohozi cha babu, kilekile cha kuvuta na kumalizia na "ah!" Mama, ambaye hakuwa amenyamaza tangu alfajiri, alicheka mpaka akakaa chini. Wajomba wakachanga vijisenti, mzee akatoka akijipangusa udongo, mazishi yakaendelea.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba mchekeshaji anaruhusiwa lolote. Nilijenga kazi nzima juu ya somo hilo, na lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili nilikuwa nimeiona pia, ila haikuchekesha, nikaisahau. Mzee yule ndiye aliyekesha nasi usiku kucha msibani na kupasua kuni. Na alipofiwa na kaka yake mwaka uliofuata, baba yangu alipanda basi kwenda Iringa, akalala kaburini vilevile, naye akalipwa.

Hapo ndipo utani ulipo: leo wewe, kesho mimi. Kabla hujamtania mtu, jiulize kama anaweza kukurudishia mbele ya watu walewale bila kupoteza kitu. Kama hawezi, huo si utani tena. Umemkuta mtu amefungwa mikono, ukaanza kumtekenya.

2. Ukumbi kucheka si ushahidi

Mwaka 2001 nilisherehesha harusi moja Moshi ambayo kwa miaka kumi na tatu niliitaja kama usiku wangu bora. Bibi harusi alikuwa na miaka thelathini na sita. Ndafu ilipoletwa, mbuzi mzima na majani yake mdomoni, nikasema bwana harusi ni mtu wa hesabu, kaenda sokoni jioni wakati nyanya zinauzwa kwa bei ya kutupa. Ukumbi uliangua kicheko. Watu walipiga meza. Mimi nikairudia nyanya ile mara tatu, kwa sauti tofauti.

Mwaka 2014 wakanialika kwenye kipaimara cha mtoto wao, na mtu akaweka kanda ya harusi. Nikakaa mkao wa kujitazama. Kwanza niliona suti yangu, yenye mabega ya kutosha watu wawili. Kisha mpiga picha, wakati mimi naimba nyanya zangu, akamvuta bibi harusi karibu. Meno yalikuwa yanacheka. Macho yalikuwa kwenye keki. Vidole vilikuwa vinakunja ncha ya leso, vinaikunjua, vinaikunja tena. Pembeni yake mama yake alikuwa ananitazama mimi, na hakuwa anacheka hata kidogo.

Watu mia tatu walicheka, na mchango wa kicheko kile alitozwa mtu mmoja. Ukumbi hucheka kwa sababu jirani amecheka, na mara nyingine kwa sababu kila mmoja anashukuru kuwa hakutajwa yeye. Tangu siku ile, nikitania mtu simtazami aliyepiga meza. Natazama vidole vya niliyemtania.

3. Litoe neno, uone kama mzaha utabaki

Mwaka 2008 nilikuwa Mwanza. Bwana harusi alikuwa amepakwa poda kama andazi la sukari, nami nikauliza ukumbi: "Huyu ni bwana harusi au zeruzeru?" Maiki ikakata. Nikaigonga, nikapuliza, nikadhani umeme umekatika, ingawa taa zote zilikuwa zinawaka. Nikageuka kwa fundi mitambo. Mkono wake ulikuwa bado juu ya swichi. Nilikuwa nimefanya naye kazi miezi minane. Ni mwenye ualbino.

Hakunigombeza. Tulipokuwa tunakunja waya aliniambia, "Kaka, hilo neno nikilisikia nyuma yangu barabarani, naongeza mwendo." Miaka ile watu wenye ualbino walikuwa wanauawa na kukatwa viungo Kanda ya Ziwa kwa imani za kishirikina. Nilikuwa nazisikia habari hizo redioni kila wiki. Sikuwahi kuziunganisha na mdomo wangu.

Nilikuwa mmoja wa wale wanaocheka maneno mapya ya staha. Niliona "mwenye ualbino" na "mtu asiyeona" ni maneno marefu ya watu wa semina, yanaua mzaha kwa urefu tu. Baadaye nikatulia nikayatazama yale mafupi niliyoyapenda: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Yote yanaanza kama kiti, kisu na kikombe. Upatanisho tunawapa wa watu, tunasema kipofu amekuja, lakini jina lenyewe limewekwa kabatini pamoja na vyombo. Nilikuwa nimezungumza Kiswahili maisha yangu yote bila kuliona hilo, nami ndiye ninayejisifu kwa lugha.

Kwa hiyo nilijipa mtihani. Nilichukua daftari langu la vichekesho, nikafuta kila neno lenye ukakasi: zeruzeru, kilema, na "beki tatu" nililokuwa nikiwaita nalo dada wa kazi. Nikasoma kilichobaki. Vichekesho kumi na viwili havikuwa na kitu ndani. Neno ndilo lililokuwa mzaha wote. Mimi nilikuwa mbebaji tu. Vile vilivyobaki vilichekesha zaidi, maana sasa ilinibidi nitunge.

4. Mzaha ukivuka mpaka, utafutie mwenyeji

Bongo, mzaha wa makabila ni mkate wa asubuhi. Mchaga na pesa, Mpare na kesi, Mhaya na majivuno; mimi Mngoni hukaa nikapigwa zamu yangu. Mwaka 2009 nikaalikwa Nakuru, Kenya, kwenye sherehe ya kampuni. Nikaanza na mtindo wangu wa kuchangamsha ukumbi: nikawataka watu wapige kelele kabila kwa kabila. "Wakikuyu mko wapi? Wakalenjin je?"

Nilisikia friji ya soda ikinguruma. Nikadhani hawajanisikia, nikarudia kwa sauti zaidi. Mwenyeji wangu akapanda jukwaani, akatabasamu, akaomba muziki.

Nyuma ya pazia akaniambia kwa upole, "Mzee, mwaka jana swali hilo lilikuwa linaulizwa barabarani, kwenye vizuizi." Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa zaidi ya watu 1,100, na Nakuru ilikuwa moja ya sehemu zilizoumia. Mwaka 2008 nchi ile ilitunga sheria ya utangamano wa kitaifa inayokataza matamshi ya chuki, na mimi niliingia na mtindo wangu kama mtu anayecheza na kiberiti kwenye nyumba iliyoungua jana.

Usiku ule nilinung'unika hotelini kwamba Wakenya hawajui utani. Uongo mtupu. Wachekeshaji wao hutaja makabila kila wiki, lakini wanajua kidonda kiko wapi na huanza kwa kujicheka wenyewe. Mimi nilidai uhuru wa kusema, na hakuna aliyekuwa ameniondolea. Nilisema, wakasikia, wakanyamaza. Kununiwa si kunyang'anywa uhuru. Msikilizaji naye ana wake, na kunyamaza ni sehemu yake.

5. Ukizuiwa kumcheka mkubwa, usimgeukie mdogo

Hili ndilo kosa linaloniuma kuliko yote, na siku lilipotokea sikujua kuwa ni kosa.

Mgeni rasmi wa mahafali fulani alichelewa kwa saa tatu. Watoto walizimia kwa jua. Nilikuwa nimemtungia mzaha mtamu kuhusu saa yake ya mkononi. Alipokaribia, kikaratasi kikanifikia kutoka meza kuu: "Usimguse mgeni rasmi." Nikakikunja nikakitia mfukoni. Lakini kicheko nilichokuwa nimekiandaa kilitaka pa kwenda, na aliyepita mbele yangu wakati huo alikuwa mama wa jikoni, kabeba sufuria, kanga imemlegea. Nikamwanza yeye. Mwendo wake, jasho lake, kanga yake. Mgeni rasmi alicheka sana. Nikapewa bahasha nene.

Angalia kilichotokea. Aliyewachomesha watoto jua alikula, akacheka, akaondoka. Aliyekuwa amewapikia ndiye aliyelipa. Nimewasikia wengi wakipigania haki ya mchekeshaji kusema lolote, na ukiwafuatilia utaona "lolote" lao halipandi ngazi. Linaishia kwa mama wa jikoni.

Naijua bei ya kupanda ngazi. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa na polisi baada ya video kusambaa akiicheka picha ya zamani ya rais wa wakati huo. Shtaka alilokuja kusomewa lilihusu laini ya simu. Na hiyo ni Tanzania, nchi ambayo katiba yake, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake. Lakini kuna waliopanda. Kule Kenya, vijana watatu wa kundi la vichekesho la Redykyulass walimwigiza Rais Moi angali Ikulu. Mchora katuni Gado, Mtanzania mwenzetu, aliwachora wakubwa kwenye gazeti la Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sikuambii uwe shujaa. Mimi nilikunja kikaratasi. Siku ukishindwa kumgusa mkubwa, jicheke mwenyewe, au cheka jua, au nyamaza. Na ukiwa huru kumgusa, usiupoteze uhuru huo kwa kucheka kanga ya mtu.

6. Kumruka mtu nako ni tusi

Baada ya haya yote nikawa mwoga. Kwa mwaka mzima nilitania samaki, mvua na foleni ya Ubungo. Niliboa mpaka DJ akawa ananikata kwa muziki.

Ndipo rafiki yangu anayetumia kiti mwendo akaniomba nishereheshe harusi yake. Nikafanya kazi kwa adabu ya mazishini. Nilimtania mshenga, baba mkwe, wapambe, hata mpishi kwa idhini yake. Bwana harusi nilimtaja kwa heshima kubwa, nikapita. Katikati ya sherehe akaniita kwa kidole, nikainama.

"Umewachoma wote, mimi umeniruka kama dimbwi. Kwani mimi mgonjwa?"

Nikamuuliza, "Unataka nikuguseje?" Akaniomba maiki. Akaishukuru kamati kwa bajeti yake ya viti mia tatu, akasema yeye anaomba arudishiwe mchango wake wa kiti, kwa kuwa amekuja na chake. Ukumbi ukalipuka. Nikamjibu kwamba hata hivyo ndiye bwana harusi pekee niliyemwona akiingia ukumbini bila kukanyaga gauni la mkewe. Akacheka. Nilitazama vidole vyake: vilikuwa vinapiga makofi kwenye gurudumu.

Hapo ndipo liliponifungukia jibu la swali la vijana wangu. Nilikuwa nimefikiri njia ni mbili, kutukana au kunyamaza. Kwetu hata nyumba ambayo mlango wake uko wazi, mtu hupiga hodi kwanza. Ukisikia karibu, ingia na kelele zako zote. Usiposikia kitu, subiri kibarazani. Aliyekaa ndani, ambaye kila mgeni anaipita nyumba yake kimya kimya, naye anaumia.

Basi ndugu yangu, nenda kachekeshe. Utakosea, nawe utaomba radhi. Nimeomba nyingi na bado nina kazi. Yule bibi harusi wa Moshi nilimwomba radhi siku ileile ya kipaimara, nikiwa nimechelewa miaka kumi na tatu. Alisema, "Nyanya za jioni zimezaa mtoto anayekupita urefu." Nikakosa jibu. Deni lilikuwa limerudi.

Kuhusu deni langu mimi, nimeshawaambia wanangu: siku ya kunizika ikifika, Mhehe akiruka kaburini asizuiliwe. Akinicheka suti yenye mabega, achekwe naye. Hela yake ya kutokea nimeiweka kwenye bahasha, ileile ya mgeni rasmi.