Rodiamu: Bei Hupanda, Mgodi Hauongezi

Mwenye gari la petroli lililoteremshwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani huenda hajasikia jina rodiamu, ingawa anatembea nayo kila siku. Imo kwenye masega, kile chombo cha bomba la ekzosi chenye vitundu kama sega la nyuki. Humo rodiamu hugeuza oksidi za nitrojeni, ambazo ni sumu, kuwa nitrojeni ya kawaida. Kazi hiyo ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya rodiamu yote duniani.

Ni metali nyeupe, ngumu, isiyoshika kutu, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,964 za Selsiasi. Masonara huipaka juu ya dhahabu nyeupe ili ing'ae. Viwanda vya mbolea huichanganya na platinamu kufuma wavu wa kutengenezea asidi ya nitriki.

Mfanyabiashara aangalie zaidi inakotoka. Karibu asilimia 80 huchimbwa Afrika Kusini, kwenye miamba ya Bushveld, nayo hupatikana kidogo kidogo ndani ya mawe ya platinamu. Hapa ndipo penye kasheshe. Bei ya rodiamu ikipanda mara tatu, mwenye mgodi hawezi kuongeza rodiamu peke yake; itabidi achimbe na platinamu zaidi, ambayo pengine haina mnunuzi. Kwa hiyo mahitaji yakizidi kidogo bei huruka, yakipungua huporomoka.

Katikati ya mwaka 2008 wakia moja (gramu 31.1) ilipita dola 10,000. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu dola 1,000, maana msukosuko wa fedha ulikuwa umevikwamisha viwanda vya magari. Machi 2021 ilikaribia dola 30,000, baada ya China na Ulaya kukaza kanuni za moshi, na baada ya mlipuko wa Februari 2020 kusimamisha mtambo wa Anglo American Platinum huko Rustenburg. Katikati ya 2023 ilikuwa imeshuka chini ya dola 5,000.

Platinamu na paladiamu hupangiwa bei London kila siku ya kazi. Rodiamu haina utaratibu huo. Bei hutangazwa na wauzaji wachache wakubwa, kama Johnson Matthey.

Ndiyo sababu masega chakavu yana wanunuzi wanaozunguka gereji kwa gereji. Sega moja lina rodiamu isiyofika hata gramu moja, na kiasi hutofautiana kwa aina ya gari. Ya dizeli hutegemea zaidi platinamu. Muuzaji asome kwanza namba iliyogongwa kwenye ganda la chombo, aulize bei ya aina hiyo kwa wanunuzi wawili au watatu, na mzigo ukiwa mkubwa adai upimwe maabara kabla ya kupokea fedha. Gari lililotolewa masega, nalo, huendelea kumwaga moshi mchafu mitaani.