Jina, Anwani, Akaunti: Somo kwa Wanaokwenda Kuishi Ujerumani



Kila mwaka vijana na watumishi kutoka dayosisi zetu huenda Ujerumani. Wapo wanaokwenda kujitolea kwa mwaka mmoja kupitia mpango wa weltwärts, ambao tangu mwaka 2013 unapokea pia vijana wa nchi za Kusini kwenda kuhudumu kule. Wapo wanaokwenda kusoma, na wapo wanaokwenda kufanya kazi ya uuguzi. Kabla ya safari tunawaombea, tunawafundisha habari za baridi na chakula, na tunawafungia vitenge vya zawadi. Jambo moja tunalisahau mara nyingi, nalo ni makaratasi. Somo hili linahusu makaratasi hayo. Ninaliandika kwa sababu mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama.

Yaliyonipata

Mwezi Septemba 2017 nilikwenda Ujerumani kwa mafunzo ya miezi kumi. Hapa nyumbani ninafahamika kwa jina langu la ubatizo na jina la baba. Katika pasipoti, mahali pa jina la ukoo pameandikwa jina la babu. Sikuona tatizo. Nilipopata chumba niliandika jina la baba kwenye kisanduku cha barua, kwa kuwa ndilo watu wanaloniita. Kisha nikaomba akaunti benki. Nikaambiwa kadi na namba ya siri vitakuja kwa posta, kila kimoja katika bahasha yake. Nikangoja wiki tatu. Kumbe bahasha zile ziliandikwa jina la babu. Mtu wa posta hakuliona mlangoni, akazirudisha. Benki ikaona kwamba mteja huyu haishi mahali alipotaja, ikafuta maombi yangu.

Posho ya mafunzo nayo ilikuwa tayari kulipwa, na ililipwa kwa njia ya benki tu. Mwenzangu wa darasani, mgeni kama mimi, akaniambia kwa moyo mwema, "Kaka, iingie kwangu, nami nitakutolea." Tukafanya hivyo. Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda salama. Mwezi wa pili akaunti yake ikazuiwa kwa ajili ya deni la mkataba wa simu alilodhani limekwisha. Posho yangu ilikuwa humo, na machoni pa benki ilikuwa fedha yake. Januari binti yetu alikuwa anaanza kidato cha kwanza katika shule ya seminari. Mke wangu alilazimika kukopa VICOBA ili alipe ada.

Yule mwenzangu hakuwa mwizi. Alihuzunika kuliko mimi, na alinilipa kidogo kidogo hadi mwezi Mei. Lakini chanzo cha yote kilikuwa kipande kidogo cha karatasi kwenye kisanduku cha barua. Nilipobandika kingine chenye jina la pasipoti na kwenda benki nyingine, kadi ilifika ndani ya siku sita.

Kwa nini kule ni tofauti

Kwetu mtu hutambuliwa na watu. Mwenyekiti wa mtaa anakujua, mchungaji anakujua, na barua ya utambulisho inaandikwa. Hata baada ya kampeni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, wengi wetu bado tunapokea barua kwa S.L.P. ya usharika au ya shule. Ujerumani mtu hutambuliwa kwa karatasi, na kila karatasi huzaliwa na ile iliyoitangulia. Karani anayekurudisha si lazima awe anakuchukia. Mara nyingi amekosa karatasi moja ya nyuma. Basi tuzifuate hatua moja moja.

Hatua ya 1: Jina

Kazi hii inafanyika hapa nyumbani kabla ya kukata tiketi. Weka mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule na cheti cha ndoa kama unacho. Soma jina herufi kwa herufi. Je, mahali pamoja ni Yohana na pengine ni John? Je, tarehe ya kuzaliwa ni ile ile? Kama kuna tofauti, muone wakili mapema. Tofauti ndogo huelezwa kwa hati ya kiapo. Aliyebadili jina kabisa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Ukifika kule, tumia jina la pasipoti mahali pote: mkataba wa nyumba, kisanduku cha barua, kengele ya mlango, benki. Jina la nyumbani libaki kwa marafiki.

Hatua ya 2: Kuandikisha makazi

Ndani ya wiki mbili tangu kuhamia katika nyumba, sheria inakutaka ujiandikishe katika ofisi ya wakazi ya mji huo. Wenyewe huita jambo hili Anmeldung. Chukua pasipoti pamoja na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Anayepuuza anaweza kutozwa faini hadi euro 1,000. Utapewa karatasi ya uthibitisho. Itunze kama pasipoti, maana itaulizwa kila uendako.

Karani atakuuliza pia dini yako. Jibu hilo lina uzito wa fedha. Mlutheri aliyeandikishwa hivyo, akiwa na mshahara unaokatwa kodi ya mapato, hukatwa pia kodi ya kanisa. Kiwango ni asilimia 8 ya ile kodi ya mapato katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 katika majimbo mengine. Angalia vema: hesabu inafanywa juu ya kodi, si juu ya mshahara mzima. Anayejitolea kwa posho ndogo isiyokatwa kodi ya mapato halipi kitu. Wapo wanaoshauriana kuandika kwamba hawana dini. Ushauri wangu ni kujibu kweli, ukijua maana ya jibu lako.

Hatua ya 3: Namba ya kodi na kibali cha ukaazi

Baada ya kujiandikisha kwa mara ya kwanza utaletewa kwa posta namba ya kodi yenye tarakimu 11. Namba hiyo haibadiliki maisha yako yote. Mwajiri ataitaka, na benki pia. Hapa tena kisanduku cha barua kinahusika.

Aliyeingia kwa viza ya muda anatakiwa kuomba kibali cha ukaazi katika ofisi ya wageni kabla viza haijaisha. Tangu mwaka 2011 kibali hicho ni kadi yenye chipu, na alama za vidole viwili huchukuliwa. Kadi huchukua wiki kadhaa kutengenezwa, na kupata miadi kunaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Omba miadi wiki ya kwanza tu baada ya kufika, na tunza uthibitisho kwamba uliomba.

Hatua ya 4: Akaunti

Sheria ya kuzuia fedha haramu inailazimu benki kujua jina lako, tarehe na mahali ulipozaliwa, uraia wako na anwani yako. Kwa hiyo maswali yao si dharau. Benki za mtandaoni hukagua wateja kwa njia ya video, na si kila pasipoti inakubalika huko. Ni afadhali uende kwenye tawi ukiwa na pasipoti na ule uthibitisho wa makazi, pamoja na mwenyeji anayejua Kijerumani.

Ukikataliwa, usikate tamaa. Tangu Juni 2016 kila mtu anayeishi kihalali katika nchi za Umoja wa Ulaya ana haki ya kupata akaunti ya msingi Ujerumani, ambayo huitwa Basiskonto. Hata asiye na makao ya kudumu na mwombaji wa hifadhi wamo. Omba fomu ya akaunti hiyo kwa jina lake. Benki ina siku 10 za kazi kuikubali au kuikataa. Ikikataa, ni lazima iandike sababu, na unaweza kupeleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia benki, iitwayo BaFin. Akaunti hii haina mkopo, lakini inapokea posho, inalipa kodi ya nyumba na ina kadi.

Haki hiyo ilikuwapo tayari mwaka ule 2017. Mimi sikuijua, wala sikuuliza. Katika Matendo ya Mitume sura ya 22 tunasoma jinsi Paulo alivyotaja uraia wake wa Kirumi alipokuwa amefungwa tayari kwa kupigwa mijeledi. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alitaja haki yake kwa mtu aliyehusika, na kwa wakati wake. Mgeni mwenye adabu naye anaweza kufanya hivyo.

Hatua ya 5: Usiazime akaunti, wala usiazimishe

Mimi niliazima na nikaumia. Kuazimisha ni hatari zaidi. Kijana anaweza kuombwa na rafiki apokee fedha kwenye akaunti yake, abaki na kiasi kidogo, kingine akitume mbele. Fedha hiyo ikiwa ya wizi, mwenye akaunti ndiye anayeitwa na polisi. Sheria ya Ujerumani huadhibu hata yule ambaye hakujua, ikiwa alikuwa mzembe sana. Kwa mgeni, kesi kama hiyo inaweza pia kugusa kibali cha ukaazi. Jibu la kumpa rafiki ni fupi: "Samahani, akaunti ni ya mtu mmoja."

Hatua ya 6: Kuondoka vizuri

Unaporudi nyumbani moja kwa moja, jiondoe katika orodha ya wakazi. Inaruhusiwa kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada yake. Simamisha mikataba ya simu na bima kwa maandishi. Funga akaunti mwishoni kabisa, baada ya kurudishiwa amana ya chumba. Mikataba iliyoachwa wazi huzaa madeni, kama yale ya mwenzangu.

Wajibu wa usharika unaotuma

Kamati zetu za urafiki zisiishie kwenye barua ya utambulisho. Mwezi mmoja kabla ya safari, mzee mmoja wa kanisa akae na msafiri na kulinganisha majina katika vyeti vyote. Nakala ziachwe katika ofisi ya usharika. Washirika wetu wa Ujerumani waandikiwe swali moja mapema: nani atasaini karatasi ya makazi? Tena msafiri awe na akiba ya matumizi ya wiki sita, kwa kuwa akaunti haifunguki siku ya kwanza. Akiba hiyo ingeninusuru mimi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Linganisheni majina katika vyeti vyenu wenyewe. Ni wangapi kati yenu wana jina moja katika vyeti vyote?

2. Rafiki mwema anapokuomba utumie akaunti yako, utamkataliaje bila kuvunja urafiki?

3. Wageni wanaoishi kati yetu, kama vile ndugu zetu kutoka Burundi na Kongo, hukutana na vikwazo gani vya makaratasi hapa kwetu? Usharika wenu unaweza kumsindikiza nani wiki hii?