Ndoto na Saa Zake: Daftari la Kando ya Kitanda

Mtu akiamka, ndoto yake huweza kufutika ndani ya dakika chache. Ndoto nyingi zilizo wazi hutokea katika kipindi cha usingizi ambacho macho huenda huku na huko chini ya kope, ilhali misuli mingi imelegea. Kipindi hicho hurudi takriban kila dakika 90 na hurefuka kadiri usingizi unavyokaribia kwisha. Anayetaka kuikumbuka ndoto na atulie vilevile alivyolala, aikumbuke, ndipo aandike. Akikimbilia simu yake kusoma ujumbe, imempotea. Asiyejua kuandika aweza kujirekodi sauti.

Katika kliniki, maana ya ndoto si jambo la kwanza. (Tafsiri ina wenyewe, na daftari hili haliwanyang'anyi kazi.) Kinachomfaa mhudumu wa afya ni saa zilizoandikwa kando ya ndoto: saa ya kulala, ya kuamka na ya kumeza dawa.

Chukua mfano wa mvuvi wa dagaa wa Igombe, Mwanza, anayetumia dawa za kufubaza VVU. Usiku wa giza yumo ziwani na taa zake, hulala asubuhi. Mbalamwezi ikijaa hupumzika, akalala usiku kama wengine. Kabla ya mabadiliko ya 2019, wagonjwa wengi nchini walitumia efavirenz, inayojulikana kwa kizunguzungu na ndoto kali, hasa wiki za kwanza. Waliambiwa waimeze usiku, wakati wa kulala. Kwa mtu wa dagaa, usiku ndiyo saa ya kuingia mtumbwini, na kizunguzungu humo si jambo dogo. Dolutegravir iliyochukua nafasi yake huvumilika vizuri zaidi, lakini nayo huweza kuvuruga usingizi wa baadhi ya watu.

Tuseme mvuvi huyu humeza dolutegravir kila siku saa 2 asubuhi. Wakati wa giza, hiyo ni saa ya kujilaza. Wakati wa mbalamwezi, ameshaamka. Akisema tu kwamba anaota vibaya, mhudumu hana pa kushika. Akileta daftari la mwezi mzima lenye ndoto kali zilizorundikana katika siku za giza, swali limepatikana: je, ni dawa, au ni usingizi wa mchana wenye joto na kelele? Huenda ni yote mawili. Mhudumu aweza kuihamishia dawa saa 10 jioni, kisha wote wawili wakalitazama daftari la mwezi unaofuata. Mgonjwa asibadilishe saa peke yake, wala asiache dawa kimyakimya kwa kuchoshwa na ndoto: virusi huongezeka tena, na vyaweza kuwa sugu.

Ziko pia ndoto ambazo hazitokani na dawa. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Aliyenusurika katika ajali ya majini aweza kuota maji yaleyale kwa miaka. Hapo kuandika huwa sehemu ya tiba: kwa msaada wa mhudumu wa afya ya akili, mgonjwa huiandika ndoto, huibadilisha atakavyo, labda mtumbwi unafika na mkono unanyooshwa, kisha huirudia hadithi hiyo mpya akilini kila siku akiwa macho. Kwa wengi, ndoto ile hupungua.