Somo la Ufundi: Kutoa Otomatiki na Kufunga Gia za Mkono kwenye Pikapu ya Zamani

Huenda umewahi kuiona pikapu ya aina hii katika yadi ya mafundi: imeinuliwa juu ya mawe, giaboksi ya otomatiki imeshatolewa, ile ya gia za mkono iko chini imefunikwa gunia, na mwenyewe bado anatafuta kifaa kimoja kilichosahaulika. Miezi inapita, mazao yanabebwa kwa gari la kukodi. Somo hili ni la kukuepusha na hali hiyo. Ukilimaliza utaweza kuamua kama kazi hii inakufaa, kuorodhesha vifaa vyote kabla ya kulipa, kumsimamia fundi wako, na kuweka stakabadhi zako sawa.

1. Je, inakufaa?

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hivyo pikapu kuukuu tulizo nazo ndizo tunazozitengeneza na kuzitengeneza tena. Otomatiki ikianza kuteleza, kwanza pima mafuta yake. Kiasi kikiwa kimepungua, jaza, tafuta panapovuja, kisha ijaribu tena. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, sahani za ndani zimekwisha, na hapo ndipo swali la kubadilisha linapoanza.

Jibu linategemea barabara unayopita. Tuchukue mfano wa Toyota. Katika giaboksi ya otomatiki aina ya A340, gia ya kwanza ina uwiano wa 2.804. Maana yake, injini huzunguka mara 2.804 ili propela izunguke mara moja. Katika giaboksi ya mkono aina ya W56, iliyofungwa kwenye Hilux za petroli zenye injini ya 22R, gia ya kwanza ni 3.954. Gawanya 3.954 kwa 2.804, utapata 1.41. Kwa mwendo uleule na difu ileile, injini ya gia za mkono inazunguka zaidi kwa asilimia 41.

Faida yake utaiona zaidi ukiteremka. Ukishuka kutoka Mua au Iveti na mzigo wa matunda, injini ndiyo inayolishikilia gari, na breki hazipati moto upesi. Otomatiki za zamani hushikilia kidogo kwa sababu nguvu hupitia kwenye mafuta ya konveta, ambayo huteleza.

Sasa tazama gia ya juu. A340 ina 0.705, gia ya tano ya W56 ni takriban 0.85. Hapa injini ya gia za mkono inazunguka zaidi kwa karibu asilimia 20. Mtu anayeshinda Barabara ya Mombasa bila mzigo asitarajie kupunguza gharama ya mafuta. Huyo huenda akafaidika zaidi kwa kuitengeneza otomatiki yake.

2. Nunua seti, usinunue giaboksi

Kosa kubwa katika kazi hii ni kununua giaboksi peke yake. Tafuta gari moja lililovunjwa, lenye injini ya aina moja na yako, kisha uchukue vyote kutoka hapo:

• Giaboksi, nyumba yake ya klachi, na wenzo wa gia.
• Flaiwili na bolti zake. Otomatiki hutumia bamba jembamba badala ya flaiwili, na mara nyingi bolti zake ni fupi. Usizitumie.
• Uma wa klachi, silinda ya juu na ya chini ya klachi, na bomba lake.
• Pedali ya klachi, pamoja na pedali nyembamba ya breki.
• Krosmemba na mauntini ya giaboksi.
• Propela ya gari hilohilo, kama urefu wa chesisi ni mmoja.

Vitu vitatu vinunue vipya: klachi pleti, presha pleti, na beringi ya kuachia klachi. Ongeza beringi ndogo inayoingia kwenye tundu la mwisho wa krankshafti. Hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa sababu injini nyingi za otomatiki hazikuwa nayo. Fundi apime tundu hilo kabla hujalipa chochote.

Dai risiti yenye jina la muuzaji na maelezo ya kifaa. Sipea isiyo na risiti inaweza kuwa ya wizi, na wewe ndiye utakayeulizwa.

3. Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza, ondoa waya wa betri, kisha weka gari juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Pili, mwaga mafuta ya otomatiki ndani ya debe. Usiyamwage mtaroni, kwa maana maji ya mitaro yetu hushuka hadi Mto Athi, na kuna watu na mifugo wanaoutegemea. Ziba mabomba mawili yaliyokuwa yakienda kwenye rejeta.

Tatu, funga beringi ndogo, flaiwili na klachi. Klachi pleti lazima ikae katikati kabisa. Shafti kuukuu ya giaboksi ya aina hiyohiyo inatosha kuwa kipimo.

Nne, inua giaboksi kwa jeki yake hadi iingie yenyewe na kugusa injini pande zote. Ikikataa, iteremshe na utafute sababu. Kuivuta kwa kukaza bolti hupasua nyumba ya klachi. Kuiacha ining'inie kwenye shafti huharibu klachi mpya.

Tano, pima propela gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ikibidi ikatwe, ichomelewe na mtu mwenye mashine ya kusawazisha. Propela isiyosawazishwa hutetemesha gari na kuua beringi.

Sita, shughulikia waya. Otomatiki ina swichi inayozuia stata isipokuwa gia iko P au N. Unganisha waya hizo kwenye swichi ya pedali ya klachi, ili gari liwake tu pedali ikiwa imekanyagwa. Ukiziunganisha moja kwa moja, mtoto akigusa ufunguo gari likiwa kwenye gia litaruka. Unganisha pia taa za kurudi nyuma. Ikiwa otomatiki yako inaendeshwa na kompyuta, mwite fundi wa umeme kabla ya kuanza, si baada ya taa ya onyo kuwaka.

Saba, jaza oili ya gia hadi ilingane na tundu la kujazia, kisha toa hewa kwenye mfumo wa klachi.

Jaribu gari mahali tambarare bila mzigo, angalia kama kuna kuvuja, kaza bolti upya, ndipo ujaribu mlima. Kwa kilomita 500 za kwanza, beba mizigo midogo ili klachi izoee.

4. Leseni na stakabadhi

Angalia leseni yako ya kuendesha. Kama umeandikiwa B1, unaruhusiwa gari jepesi la otomatiki pekee. Gia za mkono ni B2. Ukibadilisha gari bila kubadilisha leseni, unavunja sheria kila unapowasha injini. Usisahau kijana au dereva uliyemwajiri.

Kama umebadilisha injini pia, nambari yake haitalingana na logibuku. Ijulishe NTSA kabla ya kuanza kutumia gari. Iandikie pia kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko uliyofanya, na uhifadhi nakala. Pikapu ya biashara itapelekwa kwenye ukaguzi, na mkaguzi ataangalia breki na taa, zikiwemo zile za kurudi nyuma.

Jipime

1. Barabara unayopita kila wiki ina miteremko mingi, au ni tambarare?
2. Je, tundu la mwisho wa krankshafti yako limepimwa?
3. Swichi ya stata itaunganishwa wapi?
4. Leseni ya kila anayeliendesha gari hilo imeandikwa nini?

Ukiwa na majibu ya yote manne, mpe fundi kazi. Likikosekana hata moja, acha gari lilivyo mpaka ulipate.