Bustani ya Mtaa: Maji Kwanza, Jembe Baadaye

Dar es Salaam haikosi kiwanja kilicholala. Mwenyewe yuko mkoani, nyumba imeishia kwenye msingi, na majirani wamepageuza jaa. Bustani nyingi za mtaa huanzia mahali kama hapo, na nyingi hufa kiangazi cha kwanza. Udongo husingiziwa bure. Mara nyingi kinachoziua ni maji, au maneno.

Hatua ya 1: Ruhusa. Mtafuteni mwenye kiwanja hasa, si shemeji yake anayekiangalia. Andikianeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mtendaji: mnalima bure kwa miaka miwili, hamjengi hata kibanda, hampandi miembe wala minazi, na akikitaka atawapa notisi ya miezi mitatu. Kipengele cha miti kitajeni wenyewe kabla hajakiuliza. Mti wa kudumu huzaa madai ya fidia, na mwenye kiwanja analijua hilo. Hifadhi ya barabara iacheni, hata mkiona wenzenu wanalima. Greda haliulizi mchicha ni wa nani.

Hatua ya 2: Ulizeni wazee pale palikuwa na nini. Kama palikuwa gereji au mahali pa kuchomea betri, msipande ardhini, kwa sababu udongo wa namna hiyo huwa na madini ya risasi, na mboga za majani zinaweza kuyanyonya. Jazeni viroba udongo wa kuletwa, mpande humo. Kwa sababu hiyohiyo, maji ya mto unaopokea taka za viwandani, kama Msimbazi, si ya kumwagilia mboga hata yakiwa jirani na ya bure.

Hatua ya 3: Pigeni hesabu ya maji kabla ya kununua jembe. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 linataka dumu moja la lita 20 kwa siku. Januari na Februari hesabuni mawili. Matuta 15 ni lita 300 hadi 600 kila siku, maana yake simtanki la lita 1,000 halimalizi siku nne. Zidisheni madumu kwa bei ya mtaani kwenu. Mkiona mchicha utagharimu kuliko wa sokoni, limeni wakati wa mvua tu, hakuna aibu. Kisima kikiwa cha maji chumvi, sahauni maharage, yataungua ncha za majani. Mchicha na spinachi huvumilia zaidi.

Hatua ya 4: Kila kaya na tuta lake. Hapa wengi watanibishia. Shamba la pamoja husikika vizuri kikaoni, lakini ikifika wiki ya tatu wanaomwagilia ni mama wawili, na siku ya kuvuna wanatokea wote. Shirikianeni tanki, uzio, samadi na zamu ya kufunga geti. Jasho na mboga viwe vya mwenye tuta. Tuta lililotelekezwa wiki mbili apewe mwingine. Sheria hiyo isomwe siku ya kwanza, kabla haijawa na jina la mtu. Na kuku? Afadhali mchange wavu kuliko kumwambia jirani afungie kuku wake. Hatafungia.

Hatua ya 5: Kulima. Juni ni mwezi mzuri wa kuanza: masika imepita, jua halijawa kali. Inueni matuta, changanyeni samadi iliyokwisha kuoza; ile mbichi ya kuku huunguza miche. Anzeni na mchicha, unaovunwa baada ya wiki tatu au nne, maana watu hukata tamaa haraka kuliko mimea. Pembeni chomekeni vipande vya matembele. Chainizi na nyanya zisubiri mkishazoea. Wadudu wakija, lowekeni majani ya mwarobaini yaliyotwangwa usiku kucha, chujeni, ongezeni sabuni kidogo, nyunyizieni jioni.

Hatua ya 6: Fedha. Daftari moja, watunzaji wawili, michango isomwe hadharani kila mwezi. Mtasikia habari za mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii atawaeleza namna ya kusajili kikundi. Nendeni kwake baada ya mavuno kadhaa. Kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mkopo huanza kugombana kabla hakijaota kitu.

Siku mwenye kiwanja akirudi na tripu ya matofali, msibishane. Vuneni, ng'oeni wavu, hamisheni tanki. Kisha ombeni ruhusa ya kuchota tabaka la juu la matuta mtie kwenye viroba. Udongo uliolishwa samadi misimu minne haupatikani kwa muuza mchanga, na fundi anayechimba msingi hauhitaji.