Ishara ya MSWAKI na magego ya nyuma: somo la usafi wa kinywa katika darasa la watoto viziwi

Makala haya yametokana na somo ambalo halikufaulu, na sehemu ya kosa ni yangu. Mwaka jana kikundi cha wanafunzi wa udaktari wa meno kilitembelea darasa moja la watoto viziwi hapa Lubumbashi ili kuwafundisha usafi wa kinywa. Mimi niliombwa kutayarisha maneno. Nilifanya kile ambacho mwanafunzi wa isimu hufanya akialikwa mahali: nilileta istilahi. Ufizi, chonge, gego, meno ya utoto, ukoga, tundu. Kila neno kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, limepigwa chapa vizuri kwenye karatasi mbili. Mkalimani aliipokea orodha, akanishukuru, akaikunja na kuitia mfukoni.

Somo lilichukua saa moja. Kila mtoto alipewa mswaki (brosi, kama tunavyosema mjini) na dawa ya meno, picha zikapigwa, wageni wakaondoka. Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu, nikawaomba watoto wote 11, wenye umri wa miaka 7 hadi 12, wanionyeshe wanavyopiga mswaki. Wote walisugua meno ya mbele tu, kushoto na kulia, haraka haraka, kama mtu anayekata ubao kwa msumeno. Magego hayakuguswa. Upande wa ndani haukuguswa. Mmoja alimeza povu lote, kisha akatabasamu.

Kwa siku kadhaa niliamini kwamba hawakuelewa somo. Sasa naamini kinyume chake: walielewa walichoambiwa na wakakitii. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba ishara waliyopewa ndiyo iliyowafundisha kusugua vibaya, na kwamba orodha yangu ya maneno haikuweza kurekebisha jambo hilo hata ingekuwa na kurasa kumi.

Ishara inasema nini

Lugha ya ishara inayotumika katika shule nyingi za viziwi za Afrika inayozungumza Kifaransa ina asili yake, kwa sehemu kubwa, katika Lugha ya Ishara ya Marekani. Aliyeileta ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe. Alifungua shule yake ya kwanza Accra mwaka 1957, na hadi alipofariki mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali za bara hili. Watoto na walimu waliongeza ishara zao, kila mji kwa namna yake, lakini msingi huo bado unaonekana.

Tangu William Stokoe alipochapisha uchambuzi wake mwaka 1960, tunajua kwamba ishara huchambulika kama neno linavyochambulika katika sauti. Yeye alitaja vipengele vitatu: umbo la mkono, mahali inapofanyikia, na mwendo. Baadaye wengine waliongeza mwelekeo wa kiganja na kazi ya uso. Basi tuichambue ishara ya MSWAKI niliyoiona darasani (ishara naziandika kwa herufi kubwa, kama ilivyo desturi). Umbo: kidole cha shahada kimenyooshwa, kimelala. Mahali: mbele ya midomo. Mwendo: kushoto na kulia, mara mbili au tatu. Ishara hiyo hiyo hutumika kwa kitu na kwa kitendo.

Sisi tunaosikia tunasema "piga mswaki", na hakuna mtoto anayesikia hivyo akaugonga mswaki ukutani. Kitenzi "piga" kimekwisha kumwagika maana yake ya asili. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti. Maneno yetu hayamwelekezi mtoto ashike wapi wala asugue namna gani, kwa hiyo mwalimu analazimika kumwonyesha. Ishara ya MSWAKI, kinyume chake, ni kielelezo. Inaonyesha mahali na inaonyesha mwendo, na vyote viwili si sahihi: mahali ni meno ya mbele, mwendo ni wa msumeno. Ufizi hauna nafasi ndani yake.

Mtu anaweza kunipinga kwamba viziwi watu wazima hutumia ishara hiyo kila siku na wanasugua magego yao bila shida. Ni kweli. Kwao ishara imekwisha kuwa desturi tu, kama "piga" kwetu. Lakini watoto wengi wa darasa lile wamezaliwa na wazazi wanaosikia, wakafika shuleni wakiwa na ishara chache za nyumbani tu. Kwa mtoto wa namna hiyo, aliye katika mwaka wake wa kwanza au wa pili wa kupata lugha, ishara bado iko karibu sana na kitendo.

Mkalimani alifanya alichoweza. Daktari aliposema kwa Kiswahili, "msugue pia ndani, na nyuma kabisa", mkalimani alitoa MSWAKI, NDANI, NYUMA. Ishara ya NYUMA aliyoitumia ilielekea mgongoni, juu ya bega. Mtoto mmoja aligeuka kutazama ukuta uliokuwa nyuma yake.

Macho hayagawanyiki

Walimu wa meno wana mbinu ya zamani ya kumzoesha mtoto: mweleze, mwonyeshe, kisha fanya. Kwa mtoto anayesikia, kueleza na kuonyesha huenda pamoja. Masikio yanapokea maelezo huku macho yakitazama. Kwa mtoto kiziwi vyote viwili hupitia macho. Siku ile daktari alishika taya kubwa la plastiki mkono mmoja na mswaki mkubwa mkono wa pili, akaendelea kuongea, na mkalimani alisimama hatua tatu kando yake. Watoto walipaswa kuchagua. Walichagua taya, maana lilikuwa zuri kuliko mkalimani. Nami pia nililitazama.

Daktari alivaa barakoa ili watoto waizoee. Nia yake ilikuwa njema. Lakini katika lugha ya ishara uso ni sarufi: swali hukaa kwenye nyusi, ukanushi hukaa kwenye kichwa kinachotikiswa na midomo inayobadilika. Na darasani kulikuwa na watoto wawili wenye usikivu hafifu wanaotegemea kusoma midomo. Hata bila barakoa kazi yao ni ngumu. Sauti m, b na p zinafanana kabisa midomoni, kwa hiyo "meza" na "beza" ni neno moja kwao. Mwanafunzi wa Kibantu atazame kwa makini jozi hii: "umeze" na "usimeze". Ukanushi wote umebebwa na silabi moja, -si-, inayotamkwa ndani, nyuma ya meno, katikati ya kitenzi. Tunaposifu jinsi kitenzi chetu kinavyobeba mambo mengi kwa ufupi, hatumfikirii mtu anayekisoma midomoni. Aliyemeza povu alikuwa mmoja wa wawili hao.

Swali la mwalimu

Mwalimu wa darasa lile ni kiziwi. Siku ya wageni alikaa benchi la mwisho, kwa sababu hakuna aliyemuuliza chochote, nami nikiwemo. Nilipomweleza tatizo kwa ishara zangu za kubabaisha, alinitazama, akauliza: KINYWA WAPI?

Nilijionyesha mdomo wangu. Akatikisa kichwa, akauliza tena, akionyesha nafasi iliyo mbele ya kifua chake. Alitaka kujua: katika maelezo yenu, kinywa mlikiweka wapi ili watoto wakione? Hatukukiweka popote.

Akakunja vidole vinne vya mkono wa kushoto kuelekea chini, vikawa safu ya meno. Vifundo vya vidole vikawa ufizi. Upande wa nje wa vidole ukawa upande wa shavu, upande wa kiganja ukawa upande wa ulimi. Ncha za vidole vya mkono wa kulia zikawa nywele za mswaki. Akaziegemeza kwenye mstari wa ufizi kwa mshazari, kama digrii 45, akazungusha viduara vidogo, jino hadi jino, nje, kisha ndani, kisha juu ya sehemu ya kutafunia. Kila alipofika nyuma aligusa shavu lake karibu na sikio, kuonyesha kwamba kidole hiki ni gego lile. Alimaliza kwa MEZA, kichwa kikitikisika na uso umekunjamana, halafu TEMA.

Katika isimu ya lugha za ishara miundo hii huitwa ya viainishi: umbo la mkono linasimamia aina ya kitu, nao mkono unasogea jinsi kitu kinavyosogea. Wengi huilinganisha na ngeli zetu. Mimi naona ukaribu zaidi na ngeli za mahali. Kiswahili kinatofautisha pa-, ku- na mu-, na sisi wa Lubumbashi bado tunasema "mu kinywa" bila kusita. Lakini "mu" ikishasema kwamba tumo ndani, inanyamaza. Mkono wa mwalimu unaendelea kusema: ndani, juu, nyuma, upande wa ulimi.

Mpangilio wa somo lake ulikuwa rahisi. Wakati wa kueleza hakushika kitu chochote mkononi. Wakati wa kuonyesha hakueleza. Dakika mbili za kusugua, ambazo kwa watoto wanaosikia hupimwa kwa wimbo, alizigawa katika sehemu sita za kinywa, sekunde 20 kila moja. Mtoto aliyeshika mswaki hawezi kuhesabu kwa vidole, basi alisimamishwa mwenzake mbele yake amhesabie. Hilo ndilo lililowafurahisha kuliko yote. Kila mtu alitaka kuwa mhesabuji.

Baada ya mwezi nilirudi. Watoto 8 kati ya 11 walifika kwenye magego bila kukumbushwa, watatu bado walikata ubao. Sidai kwamba meno yao yamepona. Darasa moja na mwezi mmoja havithibitishi hilo.

Gego la msichana mmoja

Katika wale 11 kulikuwa na msichana wa miaka 9 aliyekuwa na shavu lililovimba. Nyumbani alikuwa ameonyesha kwa kidole, wiki nyingi, mahali panapouma: juu ya taya, karibu na sikio. Kwa kuwa ni kiziwi, familia iliona ni sikio, ikamnunulia dawa ya matone. Mwalimu alipomletea mkono wake wenye meno na kumuuliza WAPI, alishika kidole cha mwisho mara moja.

Lilikuwa gego la kwanza la kudumu. Huota karibu na umri wa miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kwanza, kwa hiyo wazazi wengi hulihesabu kuwa la utoto. Mifereji yake hushika mabaki ya chakula, bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hula jino. Mama yake alikuja shuleni, nikatafsiri.

"Si litaota lingine?" aliuliza.

"Hapana, mama. Hili ndilo la mwisho."

Alinyamaza, kisha akauliza kliniki iko wapi na ni bei gani. Jino halikuweza kuzibwa tena, likang'olewa.

Muhula huu wameingia watoto wapya wawili, na msichana huyo ndiye anayewaonyesha. Anafanya safu ya meno kama mwalimu anavyofanya, ila kidole cha mwisho amekikunja ndani ya kiganja, na mswaki wake ukifika hapo unaruka pengo. Wale wapya wanaiga hivyo hivyo, pengo likiwemo. Mwalimu amewarekebisha mara mbili. Yeye hajakubali kurekebishwa. Anasema kinywa chake ndivyo kilivyo.